Mume Yuko Nyuma, Anakuja

Unguja haina mlima. Nalitanguliza hilo kwa ajili ya wasomaji wa Moshi na Mbeya, wasije wakasikia habari za baiskeli za milimani wakaanza kunitafutia kilele. Sehemu iliyo juu kuliko zote kisiwani petu ni Masingini, mita 120 hivi kutoka usawa wa bahari, na ukifika huko huoni theluji wala ukungu, unaona msitu na jasho lako mwenyewe. Kwetu Kendwa, huku kaskazini, ndiyo zaidi: ardhi ni bapa, jiwe la matumbawe mwanzo mwisho, na ukitaka kupanda kitu panda mnazi. Basi siku baba watoto aliporudi baharini akatangaza kuwa tutanunua baiskeli za milimani, mbili, yake na yangu, nilimwuliza mlima uko wapi. Akanijibu bila kupepesa: "Tutautafuta."

Mume wangu ni nahodha. Boti yake huchukua wageni kwenda Mnemba kuangalia samaki, kisha jioni huwazungusha kuangalia jua linavyotua, na mtu anayeshinda na wageni ndani ya boti husikia mengi yasiyomhusu. Wiki ile alikuwa amewachukua mke na mume kutoka Afrika Kusini waliowahi kushiriki Cape Epic. Hayo ni mashindano yaliyoanza mwaka 2004 huko Rasini, siku nane mfululizo, zaidi ya kilomita 600 za mawe na vumbi, na vilima ambavyo ukivijumlisha unapata mita 15,000 hivi za kupanda. Nikapiga hesabu nikiwa naanua nguo: kwa Masingini yetu, hiyo ni kupanda mara 125, na kila ukishuka uwe na maelezo ya kumpa askari anayekushangaa.

Lakini kilichomkaa rohoni si vilima. Cape Epic hushindaniwa na watu wawili wawili, na kuna sheria kwamba wenzi wasiachane zaidi ya dakika mbili. Njiani kuna vituo vya kukagua. Mmoja akitangulia mwenzake akachelewa, wote wawili wanaongezewa saa nzima katika muda wao. Muda unaoandikwa mwisho wa siku si wa aliyefika kwanza, ni wa aliyefika wa pili. Kuna kundi la wanaume watupu, la wanawake watupu, na kundi la mchanganyiko, ambako ndiko wanakoingia wanandoa wenye mapenzi ya kweli au wasio na shughuli.

"Sheria gani hiyo," nikasema, "ya kumwadhibu mwenye mbio kwa kosa la mzito?"

"Ndoa hiyo," akasema baba watoto. Na akafurahi sana kwa maneno yake, akayarudia kwa jirani.

Hapo lazima nieleze jambo ambalo yeye hulieleza kwa namna nyingine. Mimi ndiye mwenye mbio. Nimezaliwa kwenye nyumba ya wasichana watupu yenye baiskeli moja, na kwenda skuli ilikuwa ni anayeiwahi ndiye anayeipanda, wengine watembee. Baba watoto yeye kakulia kwenye ngalawa. Mikono anayo, kifua anacho, ila miguu yake imezoea kusimama tu ikishika mizani. Ukimpa tanga atakufikisha Pemba. Ukimpa pedeli anaiangalia kwanza.

Baiskeli tulizipata mjini kwa muuza mtumba, zimetoka kwenye kontena pamoja na majokofu na magodoro. Yangu ina gia 21, tatu kati ya hizo zinafanya kazi na moja inafanya kazi ikipenda. Yake ina springi mbele, kitu alichokiona ni cha kifalme, mpaka ilipobainika kwamba springi ile ikibonyea hairudi mpaka ishawishiwe kwa ngumi. Muuzaji alituapia kwamba hizo ndizo baiskeli za milimani hasa, za Wazungu wenyewe. Kumbe Wazungu wenyewe walianza na makorokoro. Vijana wa Marin, California, walikuwa wakichukua baiskeli nzito za zamani, zile za kukanyaga pedeli kinyumenyume ili kufunga breki, wakizikimbiza kwenye mteremko wa mlima. Mwaka 1976 wakaanzisha mashindano rasmi wakayaita Repack, kwa sababu breki zilikuwa zikichemka mpaka grisi inaungua, na kila wakifika chini ilibidi wajaze grisi upya. Miaka 20 baadaye mchezo huo ukaingia Olimpiki, Atlanta. Nikisoma hayo namkumbuka babu yangu, aliyekuwa akipakia magunia ya nazi kwenye Phoenix yake na kuyapeleka Mkokotoni kwa njia ya mawe, bila gia, wakati mwingine bila breki ya namna yoyote, na hakuna aliyempa hata kikombe cha bati.

Mazoezi tulianzia hukohuko Masingini. Tulipakia baiskeli juu ya gari la shamba, tukashuka Bububu, tukaanza kupanda kwa njia ya Kidichi. Pale Kidichi pana hamamu aliyoijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe, Sheherazade, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Baba watoto akasimama hapo kwa kisingizio cha historia, ulimi umemtoka, akanionyesha kuba zile. "Unaona mwanamume akimpenda mke?" Nikamwambia naona, na mimi ninayependwa napandishwa kilima juani. Kisha nikammalizia hadithi, maana watembeza wageni wengi huikata katikati. Bibi Salme, binti wa Seyyid mwenyewe, ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1886 kwamba mama huyu wa Kiajemi alikuwa hodari wa kupanda farasi na kuwinda, hakukalika ndani, na mwisho wake aliachwa akarudi kwao. Baba watoto akanitazama, akaitazama baiskeli yangu, akanywa maji. Tangu siku hiyo anaisimulia hadithi ya Kidichi hadi kwenye kuba tu.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yanachemka. Wageni wale walikuwa wamemwachia mume wangu zawadi ya kaptura mbili za baiskeli, zile zenye sponji nene sehemu ya kukalia. Mimi yangu naivaa ndani, juu suruali pana na kanzu ya kufika magotini, ushungi, na kofia ngumu juu ya ushungi. Yake nikaifua nikaianika uani. Mama mkwe akaja asubuhi, akaishika, akaiminya sponji kwa vidole viwili, akanifuata jikoni taratibu.

"Mwanangu, usinifiche. Mume wako anaumwa?"

"Haumwi, mama."

"Basi ile nepi ya nani?"

Nilimweleza. Nilieleza na sheria ya dakika mbili, na kilomita, na sababu ya kofia. Alisikiliza kwa heshima kabisa. Halafu akaenda kwa shangazi zake mume wangu akawaambia kwamba kijana wao anaumwa na mkewe anamficha. Kwa wiki nzima tulikuwa tunaletewa supu.

Mashindano yenyewe, yale tuliyoyaweza, hayakuwa ya Rasini. Baadhi ya watu wa mahoteli huku kaskazini waliandaa mbio za wawili wawili, kiingilio kwenda kwenye madawati ya skuli, na sheria wakaiazima kama ilivyo: vituo, dakika mbili, adhabu. Njia ilikuwa kutoka Kendwa kushuka Kidoti, Fukuchani, mpaka Mkokotoni, kukata ndani kwenda Kinyasini, kutokea Matemwe upande wa mashariki, kisha kupanda na pwani kwa Mbuyutende na Kijini mpaka Nungwi na kurudi nyumbani. Kilomita sitini na kitu, chache za lami, nyingi za njia za ng'ombe. Walikuja vijana wa Dar wenye baiskeli za mamilioni, wageni kadhaa wenye miguu iliyonyolewa, na kundi la mke na mume ambalo lilikuwa na jozi mbili: sisi, na wengine kutoka mjini waliovaa fulana zilizofanana. Sikuwaamini tangu mwanzo. Watu wanaovaa sare wana jambo wanaloliziba.

Maandalizi ya mitambo tulimwachia fundi wetu chini ya mwembe, na huyu fundi ana elimu yake. Baba watoto alikuwa ameambiwa na wageni kwamba siku hizi watu wa baiskeli wanatia maji meupe ya utomvu ndani ya tairi, mwiba ukichoma utomvu unaziba wenyewe. Fundi akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa habari ya zamani. Akachinja fenesi. Ulimbo ule ambao sote utotoni tumetegea ndege, akauzimua kidogo na mafuta, akausukumia ndani ya tyubu zote nne kwa bomba la sindano ya mifugo, akajaza upepo, akazungusha magurudumu. Kisha akachukua mwiba, akachoma tairi ya mbele ya mume wangu mbele ya macho yetu, akauchomoa taratibu. Ikafuka povu, ikanyamaza. Watu chini ya mwembe walipiga makofi. Fenesi lenyewe tulilila.

Siku ya mbio ilikuwa Agosti, na Agosti huku ni kusi. Kutoka Kendwa kwenda Mkokotoni unaelekea kusini, kwa hiyo upepo unaupokea wa omo, kifuani, bila kinga. Njia ya kawaida ni kuinama na kukanyaga. Lakini mimi nimeolewa na nahodha, na nahodha hapigani na upepo wa omo, anapiga bisho. Tulipotoka Kidoti nikageuka, nikamwona anakata barabara kutoka ukingo wa kulia kwenda wa kushoto, mshazari, halafu anageuza anarudi kulia. Gari la shamba likapiga honi mpaka likachoka. Nikamwuliza unafanya nini, akanipigia kelele kwamba nisimfundishe upepo. Kwa hesabu yangu, kila nilipokwenda mita mia yeye alikwenda mia mbili, zote za bure.

Nikatangulia. Si kwa ubaya. Ukikaa nyuma ya mtu anayepiga bisho kwa baiskeli unapata kizunguzungu. Pale Fukuchani nikakata kwa njia ya ndani, na hapo ndipo alipokuwa ng'ombe, amefungwa upande mmoja wa njia na anakula upande wa pili, kamba imelala katikati kwenye majani. Mimi nilipita kamba ikiwa chini. Nilipofika mbele kidogo nikasikia ng'ombe kalia, kisha baba watoto kalia. Yule ng'ombe alikuwa ameinua kichwa kuangalia nani kapita, kamba ikakaza usawa wa springi ya kifalme. Alipoinuka alikuwa mzima, ana majani mdomoni, na springi, jamani, imerudi juu! Tangu ile siku inafanya kazi. Ila alikuwa na hasira, na hasira ya nahodha ni ya sauti. Kutoka pale mpaka Mkokotoni nilisikia nyuma yangu, mbali, ikiletwa vipande vipande: "Ngoja! We mwanamke! Ningoje!"

Sasa jiweke upande wa wazee wa Mkokotoni. Umekaa barazani asubuhi na wenzako, bao liko katikati, muuza kahawa amepita na buli lake na kashata. Huna habari ya mashindano. Mara anatokea mwanamke wa Kiislamu, kanzu imejaa vumbi, kofia imekaa upande, anakanyaga baiskeli mbio zote. Nyuma yake mwanamume ana majani kichwani, anapiga ukelele kwamba asimamishwe. Utafanya nini? Mzee mmoja aliinuka, akaingia katikati ya njia, akanyoosha bakora.

Mashindano yana sheria zake, lakini mimi nimelelewa. Nikafunga breki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huyo anayekufukuza ni nani?"

"Mume wangu."

Wazee wakatazamana. Kete za bao zikawekwa chini.

"Kakupiga?"

"Hasha, mzee! Tunashindana tu."

"Mke na mume hawashindani, mwanangu. Teremka ukae."

Nikajaribu kueleza. Nikataja kilomita, nikataja madawati. Vijana wawili wa Dar wakapita wakinipungia mkono, na mzee akaniuliza, kwa upole, kama na hao pia wamekimbia nyumba zao. Ndipo baba watoto akafika. Alishuka, akataka kusema, pumzi ikagoma. Akafungua mdomo, akaufunga. Mabega yanapanda na kushuka, macho mekundu kwa vumbi. "Maskini," akasema mzee wa pili, "kilio kimemkaba." Wakamkalisha mkekani. Wakamtolea majani kichwani moja moja. Akapewa kahawa.

Mwanamume mwingine angesema mara moja: wazee wangu, tuko mashindanoni, tuachieni. Wangu alikunywa kikombe cha kwanza akawa kimya. Akanyoosha miguu. Akaegemea ukuta, nikaona namna alivyoegemea, nikajua hatuondoki hapa karibuni. Baada ya kikombe cha pili akasema, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa miaka:

"Ananiacha, wazee wangu."

"Anakuacha?"

"Ananiacha. Asubuhi ananiacha, jioni ananiacha. Hata kwenye mteremko."

"Mke hamwachi mume," akasema mwenye bakora, akinigeukia. "Mume ndiye aachaye, tena kwa utaratibu."

"Na kashata," akaendelea baba watoto, sasa kapata upepo wa tezi, "tulikuwa nazo za njiani, za kutupa nguvu. Ya mwisho kaila Fukuchani peke yake."

Wote wakanitazama. Hata muuza kahawa aliyekuwa anaondoka akarudi.

"Ilikuwa mfukoni mwangu," nikasema.

Kukawa na mguno ambao sikuupenda. Nikaona bora nijitetee kwa sheria. Nikawaeleza ile ya dakika mbili: kwamba mimi nikitangulia zaidi ya hapo tunaadhibiwa wote, kwa hiyo sina faida yoyote ya kumkimbia. Mzee akataka kujua nani aliyeitunga. Nikasema watu wa Afrika Kusini. Akafikiri, akakubali kwamba ni sheria nzuri, ila akaona dakika mbili ni nyingi mno kwa watu walio kwenye ndoa. Hukumu ikatoka: yeye mbele, mimi nyuma, kashata zigawanywe sawa. Tukashikana mikono. Wakatusomea Fatiha. Baba watoto, mikono imeinuliwa, alionekana ana amani ambayo sijamwona nayo tangu harusi. Mzee akachukua namba yake ya simu ili kufuatilia maendeleo.

Nilikaa nyuma yake kwa adabu mpaka baraza ilipopotea nyuma ya migomba.

Lakini lazima niseme haki: kituo cha kukagua kilikuwa mbele kidogo tu ya hapo, na tulifika bega kwa bega. Kijana wa saa akatuandikia tofauti ya sifuri. Nyuma yetu jozi ya sare ikafika, mke kwanza, na tukamwona kijana anaangalia saa yake, anaangalia njia, anaangalia saa. Mke yule akaanza kuivuta fulana yake shingoni kama imembana.

Kinyasini tulipita bila kisa, na jua lilikuwa limeshakuwa kali. Matemwe tukageuka kaskazini, kusi ikawa ya tezi, inatusukuma mgongoni, na baba watoto kwa mara ya kwanza akanipita. Alipanua viwiko vyake ili shati lishike upepo, akawa anaimba. Mchanga wa njia ile ni mzito, lakini yeye alikuwa anakwenda. Kushoto vichaka vya miiba, kulia, mahali pa kuanikia, mwani umetandazwa kwa mafungu ya rangi ya hudhurungi na kijani. Kilimo hicho kilianza Unguja mwaka 1989 na mpaka leo wengi wa wakulima wake ni wanawake, na wanawake hao ndio waliokuwa wamekaa pale kivulini wakati tairi ya mbele ya nahodha ilipopasuka.

Si kuchomwa mwiba. Miiba yote ulimbo wa fundi uliizuia, nampa heshima yake. Hili lilikuwa jiwe la tumbawe lenye makali, limepasua tairi na tyubu pamoja. Tunayo tyubu ya akiba, nikamwambia, toa hiyo tuweke hii. Akaingiza vidole. Ulimbo ulikuwa umepikwa na jua la nusu siku. Tyubu imeshikana na tairi, tairi imeshikana na rimu, na sasa mkono wa kulia wa mume wangu umeshikana na vyote. Akaja na wa kushoto kuusaidia. Nilikuwa nimemwambia asifanye hivyo.

Wale mama wakainuka wakaja kututazama. Mmoja, mtu mzima, akaizunguka ile picha: mwanamume kapiga magoti mchangani, mikono yote miwili ndani ya gurudumu, mchanga mpaka viwikoni.

"Anaomba nini?" akaniuliza.

Mtoto mmoja akatumwa mafuta ya nazi. Wakampaka, wakamchua, kila mmoja akitoa ushauri na ushauri wote ukihusu akili za wanaume. Mikono ikatoka. Tyubu haikutoka, mpaka leo haijatoka. Na hapo yule mama akasema neno la maana kuliko yote niliyosikia siku ile: "Si mlijaze usumba?" Huko wanasokota kamba za makumbi, usumba ulikuwapo wa kumwaga. Tukaushindilia kwenye ule mpasuko kwa kijiti, konzi kwa konzi, kama mtu anayejaza mto, mpaka tairi likasimama. Nikawauliza tuwalipe nini. Wakasema tusiwalipe, ila tuondoke kabla baba watoto hajakanyaga mwani.

Basi tulirudi Kendwa kwa gurudumu la usumba. Linakwenda. Linatoa sauti ya godoro linalogeuzwa, na pale linapokuwa na uvimbe linakuinua kila mzunguko, lakini linakwenda. Nilikaa naye sambamba njia nzima kwa sababu ilikuwa haiwezekani kutomtazama. Tulifika ufukweni wageni wakiwa wameshapanga viti kwa ajili ya jua kutua, bango la mwisho limeshakunjwa, na wale vijana wa Dar wameoga, wamekula, wanasinzia.

Washindi wa kundi la mke na mume tulikuwa sisi. Jozi ya sare haikumaliza. Tulisikia kwamba mke alirudi mjini kwa gari namba 116 na mume akarudi kwa pikipiki, na fulana moja iliokotwa Kivunge.

Zawadi ilikuwa usiku mmoja wa watu wawili katika hoteli hapahapa Kendwa, na ndiyo hoteli ninayofulia mashuka. Tulitembea kwa miguu kutoka nyumbani na kibegi. Mpokezi, ambaye ni mpwa wa mume wangu, alitukaribisha kwa Kiingereza kama alivyofundishwa, akatupa dafu lenye ua, akatueleza kijiji cha Kendwa kiko upande gani. Baba watoto alilala hata sahani hazijaondolewa. Mimi nililiangalia shuka. Pembeni lilikuwa na doa la embe nililolipigania mwezi mzima, na pale, chini ya taa ya wageni, nililiona halijatoka vizuri. Asubuhi nikaliweka kwenye kapu langu.

Sasa baba watoto anazungumza Mlima Kenya. Kuna mashindano huko yanaitwa 10to4, siku tatu, kwa faida ya mfuko wa kuhifadhi mlima ule. Jina limetokana na kuanzia futi elfu kumi na kushukia futi elfu nne. "Mteremko mtupu," ananiambia, akiwa amekaa kwenye ngazi za nyumba anapaka mafuta mnyororo. Ananitajia pia Migration Gravel Race ya Maasai Mara, iliyoanza 2021, na marehemu Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa Team Amani, aliyefariki kwa ajali mbioni huko Vermont, Marekani, Agosti 2022. Akifika kwa Kangangi huacha kupaka mafuta kidogo, na mimi huacha kumtania. Mungu amrehemu, aliwafungulia wengi njia. Halafu anarudi kwenye mteremko wake na mimi narudi kumwuliza nauli.

Juzi simu yake ikaita tukiwa tunakula. Namba ya Mkokotoni. Akaweka sauti ya wazi ili asiache wali.

"Assalamu alaykum. Vipi huko, bado anakuacha?"

"Alaykumu salamu, mzee. Ananiacha, lakini siku hizi si sana."

"Alhamdulillahi. Na kashata?"

Baba watoto akanitazama. Nikamtazama. "Tunagawana," akasema.

"Vizuri sana. Sikiliza, mwanangu. Tunayo kesi hapa, mke na mume, tangu Ramadhani hawasemezani, tumewakalisha baraza zote tumeshindwa." Akakohoa kidogo. "Hizo baiskeli zenu, mnaazimisha?"